Bei ya Kutupa: Ushuru Huu Unamhusu Vipi Fundi wa Kibugu?

Fundi wa jua kali anayefua majembe Kibugu hushindana na jembe lililovuka bahari. Likiwa la bei nafuu kwa sababu kiwanda chake ni hodari, hakuna kosa. Tatizo huanza kiwanda kinapouza Kenya kwa bei ya chini kuliko ile ya kwao. Hiyo ndiyo bei ya kutupa, na Shirika la Biashara Duniani (WTO) huruhusu nchi kutoza ushuru wa ziada ikithibitika kwamba wazalishaji wa nyumbani wameumia.

Kwa mfano, jembe likiuzwa kwao shilingi 500 na kuletwa huku kwa 400, tofauti ni shilingi 100, yaani asilimia 25 ya bei ya kuletwa. Ushuru hauwezi kupita hapo. Tofauti isiyofika asilimia 2 haihesabiwi.

Ugumu upo kwa nchi ambako serikali ndiyo hupanga bei ya chuma, umeme na mikopo. Huko, hata bei ya nyumbani haionyeshi gharama halisi, kwa hiyo wachunguzi hutazama gharama za nchi nyingine yenye soko huria. China ilikubali kipimo hicho ilipojiunga na WTO Desemba 2001. Sehemu ya kifungu hicho ilikwisha Desemba 2016, lakini Marekani bado hukitumia kipimo chenyewe, na ubishi unaendelea.

Nchini Kenya, Sheria ya mwaka 2017 ilianzisha wakala wa KETRA wa kuchunguza malalamiko haya. Fundi mmoja hatoshi: kwa kanuni za WTO, wanaounga mkono lalamiko lazima wawe wanazalisha angalau asilimia 25 ya bidhaa hiyo nchini. Njia ni chama, tena chama chenye rekodi za mauzo, bei na wafanyakazi. Bila daftari, madhara hayathibitiki, hata yakiwa ya kweli.

Uchunguzi huchukua mwaka mmoja, usizidi miezi 18. Ushuru hukoma baada ya miaka 5 isipokuwa mapitio yaonyeshe bado unahitajika.

Kaunti haina mamlaka juu ya ushuru wa forodha. Hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa, na mkusanyaji ni KRA. Lakini vyama vya ushirika na ukuzaji wa biashara viko chini ya kaunti.

Yuko pia mkulima wa chai anayenunua jembe hilo dukani. Bei ikipanda, yeye ndiye hulipa. Kwa bidhaa za rejareja, WTO hutaka vyama vya watumiaji navyo vipewe nafasi ya kusikilizwa kabla ya uamuzi.