"Jikaze" halitoshi

Mtu akifiwa, akiachishwa kazi au ndoa yake ikivunjika, neno la kwanza analoambiwa ni "jikaze". Husemwa kwa nia njema, lakini humwachia mhusika mzigo wote, kana kwamba ustahimilivu ni kitu mtu alichozaliwa nacho au alichokosa. Ushahidi unasema vingine. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakawa nao hadi utu uzima. Takriban theluthi yao walikulia katika ufukara, ugomvi wa wazazi, ulevi au maradhi ya akili nyumbani. Hata hivyo, theluthi ya hao walitokea kuwa watu wanaojiamini na kuwajali wenzao, na jambo lililojirudia maishani mwao ni kuwapo kwa mtu mzima aliyewasimamia bila kuwachoka: bibi, shangazi, mwalimu, jirani.

Huenda watoto hao walikuwa wachangamfu tangu mwanzo, na uchangamfu ndio uliowavutia watu wazima. Hoja hiyo ina uzito, maana Werner mwenyewe aliiona tabia hiyo kwa wengi wao. Ndiyo maana mimi naupa uzito zaidi ushahidi wa Harare, Zimbabwe. Mgonjwa mmoja wa Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alijiua baada ya kukosa nauli ya kumfuata hospitalini. Mwaka 2006 daktari huyo akaanza kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi humwacha mtu ayatoe yote yanayomsibu, kisha wanachagua tatizo moja na kupanga hatua ndogo ya kuanzia. Baadaye kliniki 24 ziligawanywa kwa bahati nasibu, zikiwa na watu 573. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona ni asilimia 14 ya walioketi na bibi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Wapo watakaosema mazungumzo hayalipi kodi ya nyumba. Ni kweli, na benchi lisiwe kisingizio cha kutoajiri wataalamu. Lakini sonona humnyima mtu hata nguvu za kwenda kuitafuta hiyo kodi, na bibi hamwambii avumilie. Anamuuliza kesho ataanza na nini. Baada ya hapo wengi hujiunga na vikundi, wakafuma mikoba ya kuuza huku wakizungumza. Wengine wanahofia jirani atavujisha siri, nami naiheshimu hofu hiyo. Ujirani mtupu hauponyi, na ndugu anayekukatiza ili akuhubirie huzidisha maumivu. Bibi wale hufundishwa kwanza kusikiliza bila kuhukumu, kutunza siri, na kumpeleka kwa mtaalamu mtu aliye katika hatari ya kujidhuru. Zanzibar wameshauanza mpango huo wa benchi, na sehemu kubwa ya unachohitaji ipo karibu kila mtaa: kivuli, benchi, na mama mtu mzima anayeheshimika aliye tayari kufundishwa.