Njia za Baiskeli Katika Msitu wa Magamba na Maji ya Mvua

Wakazi wa kata zinazopakana na Msitu wa Magamba wamezoea kuwaona wageni waliopanda baiskeli zenye tairi pana wakitokea Lushoto mjini, wakipanda hadi Magamba na kisha kuteremkia upande wa Mlalo au Mtae. Baiskeli hizo za milimani zina gia nyepesi za kupandia, springi za kupunguza mtikisiko na breki zenye nguvu, hivyo hupita penye mawe na mizizi ambapo baiskeli ya kawaida huburutwa kwa mkono. Kupita kwao huzaa maswali mawili. La kwanza ni iwapo tairi hizo zinaharibu njia ambazo wananchi wanazitumia kwenda shambani, sokoni na shuleni. La pili ni nani mwenye mamlaka ya kuruhusu, kuzuia au kubadilisha njia hizo.

Kuhusu swali la kwanza, lawama nyingi huelekezwa kwenye baiskeli kwa sababu alama yake huonekana. Tairi huacha mstari kwenye udongo mbichi, na mvua inayofuata hupita kwenye mstari huo huo. Hata hivyo, utafiti uliofanyika katika msitu wa milimani huko Montana, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulilinganisha athari za waendesha baiskeli, waendesha pikipiki, watembea kwa miguu na farasi. Ilibainika kwamba kwato za farasi na nyayo za watu zililegeza udongo mwingi zaidi kuliko magurudumu. Matokeo hayo hayaisafishi baiskeli moja kwa moja, kwa kuwa dereva anayefunga breki ya nyuma na kuliburuta gurudumu kwenye mteremko huchimba udongo mithili ya jembe. Yanachoonyesha ni kwamba chanzo cha uharibifu kitafutwe kwanza katika mkao wa njia yenyewe, kabla ya kumtazama anayeipita.

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto hupanda karibu mita 1,000 katika umbali unaozidi kidogo kilomita 30. Waliyoijenga waliizungusha kona baada ya kona ili mteremko wake uwe wa wastani. Njia ya mkato ya mtembea kwa miguu hufanya kinyume: hushuka moja kwa moja kutoka kona ya juu hadi kona ya chini. Mvua ya masika ikinyesha, maji huiona njia hiyo kuwa mfereji. Hayana pa kutokea, hivyo huongezeka kasi kadiri yanavyoshuka, hubeba udongo wa juu, kisha changarawe, na baada ya misimu michache njia imekuwa korongo linalofika magotini. Wapitaji hulikwepa kwa kukanyaga pembeni, na pembeni nako huanza kuchimbika. Baiskeli ikipita hapo huharakisha jambo ambalo lilikuwa limekwisha kuanza.

Dawa yake haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Mkulima yeyote wa Lushoto aliyewahi kuchimba kingamaji shambani kwake anaielewa. Njia nzuri ya baiskeli hulazwa kwa kufuata kontua ya mlima, ikishuka kidogo kidogo, huku ukingo wake wa chini ukiwa umeinama kuelekea bondeni ili maji yavuke njia na kuendelea na safari yake badala ya kuifuata. Mafundi wa njia hizi duniani hutumia vipimo viwili vya msingi. Kwa wastani, njia isishuke zaidi ya asilimia 10, yaani mita moja katika kila mita kumi za mwendo. Aidha, mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe. Mahali ambapo kilima kinashuka kwa asilimia 12, kwa mfano, njia isizidi asilimia 6. Ikizidi hapo, maji huona ni rahisi kuteremka na njia kuliko kuivuka. Kipimo hiki cha pili ndicho husahaulika zaidi, kwa sababu watu hudhani hatari ipo kwenye miteremko mikali tu. Kila baada ya mita kadhaa, njia inapaswa kuinuka kidogo kabla ya kuendelea kushuka, na kibonde kinachopatikana hapo hutoa nje maji yaliyokusanyika.

Vifaa vya kupimia ni vile vile vinavyotumiwa na maafisa ugani kupima kontua: fremu ya miti yenye umbo la herufi A, kamba na jiwe la kuning'iniza. Na pale ambapo ukingo wa njia ni dhaifu, majani ya Guatemala hushikilia udongo kama yanavyoushikilia kwenye matuta ya mashamba.

Wilaya hii ina kumbukumbu ndefu kuhusu udongo na mamlaka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa hifadhi ya udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ikaueneza sehemu nyingine za Usambara. Wananchi walilazimishwa kuchimba matuta kwenye mashamba ya miteremko. Upinzani ulikuwa mkubwa, na katika miaka ya 1950 mpango huo ulikwama kabla ya Uhuru kupatikana. Mradi wa kuzuia mmomonyoko na kuendeleza kilimo mseto, maarufu kwa jina la SECAP, ulipoanza mwaka 1981, ulirudi kwenye miteremko ile ile kwa njia tofauti, ukitumia miti na majani ya mifugo ambayo mkulima aliona faida yake zizini. Udongo haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni namna watu walivyoshirikishwa. Ndiyo maana swali la nani anaamua kuhusu njia za baiskeli si la makaratasi tu.

Jibu lake linategemea ardhi ambamo njia inapita. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, msimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Mgeni huingia kwa kibali na kulipa ada ya Serikali, na hakuna mtu, awe mwongoza watalii au kiongozi wa kijiji, anayeweza kufungua njia mpya msituni bila idhini ya TFS. Msitu huo ni makazi ya ndege ambao hawapatikani kwingine duniani isipokuwa Usambara Magharibi, hivyo kila njia inayoongezwa ina gharama ambayo haionekani kwenye stakabadhi. Shamba la Miti Shume nalo lipo chini ya TFS, na barabara zake hutumiwa na malori ya magogo. Mwendesha baiskeli anayeshuka huko kwa kasi kwenye kona zenye ukungu anajihatarisha yeye na dereva.

Nje ya msitu hali ni nyingine. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kijiji kinaweza kupendekeza sheria ndogo, ikiwemo ya matumizi ya njia zake, kuipitisha kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji na kuiwasilisha Halmashauri ya Wilaya ili iidhinishwe. Bila sheria ndogo iliyoidhinishwa, ushuru unaotozwa njiani na kijana aliyefunga kamba kati ya miti miwili hauna msingi wowote, na mgeni ana haki ya kuukataa. Barabara za wilaya, kwa upande wake, zipo chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na kipande cha barabara kilichokatika huripotiwa huko.

Pahala panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pengine pote ni vivuko vya vijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Njia ya zamani inayovuka kijito haiwezi kuhamishwa hewani, lakini inaweza kuvushwa kwa pembe ya mraba, juu ya mawe au daraja dogo la mbao, na kuinuliwa kidogo pande zote mbili kabla ya kufika majini, ili tope la njia litokee kwenye majani badala ya kuingia kijitoni. Vijito hivi ndivyo vyanzo vya mabomba ya vijiji vilivyopo chini. Tope linaloanzia kwenye mteremko mmoja huishia kwenye ndoo ya mama aliyepo kilomita kadhaa bondeni, ambaye pengine hajawahi kuiona baiskeli ya mlimani.

Kwa sababu hiyo hiyo, waongoza watalii wanashauriwa kuahirisha safari za njia za udongo kwa siku moja au mbili baada ya mvua kubwa na kuwapitisha wageni kwenye barabara ngumu. Ni ushauri unaogusa kipato, hasa kati ya Machi na Mei, na hauna budi kusemwa hivyo waziwazi. Lakini njia iliyokatika humkosesha mwongoza watalii kazi ya msimu mzima wa kiangazi.

Kuhusu kupishana, utaratibu unaokubalika katika nchi nyingi ni kwamba baiskeli humpisha mtembea kwa miguu, na anayeshuka humpisha anayepanda. Katika njia zetu nyembamba, mwendesha baiskeli anapokutana na mtu aliyejitwika mzigo wa kuni, majani ya ng'ombe au tenga la mboga, anapaswa kushuka, kusimama upande wa bondeni na kumwachia mwenye mzigo upande wa ndani, penye ukuta wa udongo. Ng'ombe na mbuzi hupishwa vivyo hivyo, bila kupiga kengele karibu yao. Watoto wa shule hutoka saa tisa alasiri katika maeneo mengi, na saa hiyo haifai kwa mashindano ya kuteremka.

Mwananchi anayeona njia ya kijiji ikianza kuchimbika atoe taarifa mapema kwa Mwenyekiti wa Kitongoji au Afisa Mtendaji wa Kijiji, akieleza mahali na upande ambao maji yanatokea. Uharibifu uliopo ndani ya mipaka ya msitu upelekwe ofisi ya TFS. Wakati mzuri wa kukagua ni pale mvua inaponyesha, kwa mwavuli na jembe mkononi, kwani maji yenyewe huonyesha mahali pa kuchimba mchirizi wa kuyatoa, na mara nyingi kazi hiyo humalizika kabla mvua haijakatika.