Je, 'hosts' ni 'wenyeji'?

Kompyuta za jamii ya Unix, Linux ikiwemo, zina faili liitwalo /etc/hosts. Kila mstari una nambari ya anwani, kisha jina. Kwa kawaida mashine hulisoma faili hili kabla ya kuuliza seva za majina mtandaoni, kama mgeni aliyeshuka feri ya Likoni anavyomuuliza mwenyeji ilipo nyumba fulani Mtongwe. Basi mhalifu akichomeka humo mstari mmoja tu, jina la benki yako litakupeleka kwake.

Katika maelezo, 'wenyeji' yafaa, ingawa mwenyeji wetu hukaribisha wageni, na hosti ni mashine yoyote yenye anwani. Jina la faili lenyewe, hapana! Hiyo ni nomino ya pekee, sawa na Mtongwe. Andika /etc/wenyeji uone: programu hazitalitambua hata ulie.