Grafu ya mwendo si picha ya mlima

MWANAFUNZI wa Tukuyu hukua akiyaona magari yakipanda milima kwa kusuasua na kuiteremka kwa kasi. Barabara kuu itokayo Uyole, Mbeya, hupita katika wilaya yake ya Rungwe na kushuka hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Mji wake uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Nyasa lililo bondeni liko chini ya mita 500.

Si ajabu basi kwamba, akichorewa grafu ya mwendo yenye mstari unaopanda, anaweza kudhani gari linapanda mlima. Kosa hilo la kuisoma grafu kama picha ya njia limebainishwa na watafiti wa ufundishaji wa fizikia katika nchi mbalimbali.

Ili kuliepuka, jambo la kwanza ni kutazama kilichoandikwa kwenye mihimili. Mhimili wa mlalo huonyesha muda. Ikiwa mhimili wa wima unaonyesha umbali, mstari unaopanda humaanisha kuwa gari linazidi kuwa mbali na lilikotoka, hata kama linateremka kwenda Kyela. Kadiri mstari unavyokaribia kusimama wima, ndivyo mwendokasi ulivyo mkubwa. Mstari ukilala, gari limesimama.

Mhimili wa wima ukionyesha mwendokasi, maana hubadilika. Mstari uliolala sasa ni gari linalokwenda kwa mwendo usiobadilika; mstari ukigusa sifuri ndipo gari limesimama. Hapa, eneo lililo chini ya mstari ndilo umbali uliosafiriwa.

Kanuni hiyo ya eneo inamhusu kila abiria. Chukua mfano wa gari linalokwenda kilometa 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Dereva akifunga breki na mwendo ukapungua kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, gari litasimama baada ya sekunde 2. Grafu yake ni pembetatu: nusu ya 2 mara 10, sawa na mita 10. Kwa mwendo wa kilometa 72 kwa saa, litahitaji sekunde 4, na eneo la pembetatu litakuwa mita 40.

Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa kusimama umeongezeka mara nne. Hapo haujahesabiwa umbali ambao gari husafiri kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki. Mteremko, na lami iliyolowa kwa mvua ambazo Rungwe huzipata kwa wingi, hurefusha pembetatu hiyo zaidi.

Ikumbukwe kuwa kilometa 72 kwa saa bado ni chini ya 80, kikomo cha kisheria cha mabasi ya abiria nchini. Mwanafunzi aliyeielewa pembetatu hiyo hahitaji kuelezwa ni kwa nini vibao vya kilometa 50 kwa saa huwekwa pale barabara inapopita katikati ya makazi ya watu.