Sensa ndogo inayopima pumzi ya mtoto njiti

WANAOVUSHA magari yaliyotumika kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Rusumo na Kabanga wanaifahamu sensa ya hewa. Ni kile kidude kinachochomekwa kwenye bomba kati ya chujio la hewa na injini. Kikichafuka, gari linakunywa mafuta na kukosa nguvu mlimani. Nimeona watu wakiuziwa ya bandia kwa bei ya halisi, na nikajiuliza ni wangapi kati yetu wanajua inafanya nini.

Kanuni yake inajulikana na kila mama anayepuliza uji wa mtoto: hewa inayopita huondoka na joto. Waya mwembamba hupashwa moto kwa umeme. Hewa ikiupoza, umeme huongezwa ili urudie joto lake, na nyongeza hiyo ndiyo kipimo. Hesabu zake ziliandikwa mwaka 1914 na L. V. King wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada.

Kazi ngumu ni kupima hewa inayotembea polepole mno. Vile vikombe vya kupimia upepo kwenye vituo vya hali ya hewa, vingi havizunguki mpaka upepo ukaribie nusu mita kwa sekunde. Waya wa moto nao hujidanganya: joto lake lenyewe hupandisha hewa juu, kama moshi wa jiko, nao ukadhani kuna upepo.

Dawa imekuwa ni kuufanya udogo. Mwaka 1974 van Putten na Middelhoek, huko Uholanzi, walionyesha kipimo kilichochongwa juu ya kipande cha silikoni. Katika sensa nyingi za siku hizi kuna utando mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Katikati pana kihita, na kila upande pana kipima joto. Hewa ikitulia, pande zote mbili hupata joto sawa. Ikisogea hata kidogo, upande inakoelekea hupata joto zaidi. Kwa hiyo sensa inajua kasi, na inajua pia hewa inaingia au inatoka.

Hapo ndipo mtoto njiti anapohusika. Mtoto wa kilo moja huvuta takriban mililita 5 kwa pumzi moja, yaani kijiko kimoja cha chai! Mashine ya kupumulia ikisukuma hewa nyingi, mapafu yanaumia. Ikisukuma kidogo, mtoto anakosa oksijeni. Ndiyo maana mashine kama Babylog ya kampuni ya Dräger huweka waya wa moto karibu kabisa na mdomo wa mtoto, kwa kuwa mirija mirefu hutanuka na kulipotosha hesabu.

Sasa niwageukie ndugu zangu mnaorejea kutoka Ulaya na makontena, wengine mkiwa na vifaa vya hospitali ndani. Sensa hizi hupima uzito wa hewa, si ujazo wake. Kigali na Goma ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na hewa huko ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Kwa gari hilo ni jambo jema, maana mafuta hupimwa kulingana na uzito wa hewa. Kwa mapafu, kinachotakiwa ni ujazo. Mashine isiporekebishwa kwa mwinuko wa mahali itatoa namba isiyo ya kweli, na muuguzi ataiamini.

Kabla ya kulipia, muulize muuzaji kama mashine ina sehemu ya kuingiza mwinuko, na kama sensa za akiba bado zinapatikana. Unyevu na makohozi huziharibu haraka. Ya gari, mwambie fundi asiifute kwa kitambaa. Inapuliziwa dawa yake maalumu na kuachwa ikauke, kwani waya ule hukatika kwa kuguswa tu.