Mashine Iliyozimwa Nayo Huuma

Wengi hudhani mashine ni hatari inapozunguka. Sisi mafundi tunaiogopa zaidi ile iliyofunguliwa kwa matengenezo. Siku za kawaida kinga za chuma ziko mahali pake na mkono haufiki kwenye meno. Siku ya matengenezo kinga ziko sakafuni, na fundi ameingiza mikono mpaka mabegani.

Naishi Donholm, Phase 5. Nilikuwa fundi Industrial Area mpaka nikastaafu, na kwa kuwa niliwahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi, majirani bado hunibishia hodi. Juzi alikuja kijana wa ploti ya pili, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Alikuwa akitoa plastiki iliyokwama ndani ya krasha. Umeme ulikuwa umezimwa kweli. Lakini ekseli inayobeba visu ni nzito, na alipong'oa kile kipande, ilijizungusha yenyewe kwa uzito wake. Haikufika hata robo mzunguko. Vidole viwili vikaenda.

"Mzee, si waliniambia imezimwa?"

Kuzimwa ni mwanzo tu. Kila fundi anayeingia mashineni anastahili kutia kufuli lake kwenye swichi kuu na ufunguo akae nao mfukoni. Mafundi watatu, makufuli matatu. Kisha hewa itolewe kwenye mabomba, na chochote kinachoweza kujizungusha kitiwe kabari. Nusu saa hivi. Kinachoiba hiyo nusu saa ni oda ya mteja na sauti ya supavaiza: "Fundi, hebu igusie kidogo tuone." Sijawahi kuisikia sauti hiyo nikatulia.

Kijana alikuwa ametumiwa shilingi 5,000 za pole, na aliona hana zaidi cha kudai. "Mkono niliuingiza mwenyewe," akasema, "na mimi ni kibarua tu." Yote mawili hayamzuii. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, tunayoiita WIBA, haimtaki aliyeumia athibitishe kwamba mwajiri alizembea; inatosha kuwa aliumia akiwa kazini, mradi hakujiumiza makusudi. Na kibarua naye yumo.

Matibabu ni ya mwajiri. Akishapata habari, ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ukikaa nje ya kazi siku 3 au zaidi, malipo yako yanaendelea, kwa muda usiozidi miezi 12. Ukibaki na kilema, daktari hukipima kwa asilimia, na hesabu ni mapato ya miezi 96 mara asilimia hiyo. Tuseme unapata 20,000 kwa mwezi na daktari ameandika asilimia 10: ni shilingi 192,000. Ziweke kando ya zile 5,000 uzitazame.

Atatokea mtu akwambie ukimbilie mahakamani kwanza. Mawakili wenyewe, kupitia chama chao cha LSK, waliipinga sheria hii. Mahakama Kuu iliwakubalia kwa sehemu mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikapindua sehemu kubwa ya hukumu hiyo 2017, na tarehe 3 Disemba 2019 Mahakama ya Upeo ikakata shauri: dai huanzia kwa Mkurugenzi. Ofisi iko Safety House, Commercial Street, matatu moja tu kutoka kwetu na mwendo kidogo wa miguu. Usiporidhika na uamuzi wake una siku 60 za kuupinga, na kutoka hapo ndipo Mahakama ya Ajira. Dai lenyewe lipelekwe kabla miezi 12 haijapita.

Shida ya kijana ni kwamba hana payslipu. Hulipwa kwa M-Pesa kila Jumamosi, kutoka namba ya supavaiza. Nikamwambia asifute ujumbe hata mmoja, aombe taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, na aandike majina ya wenzake wawili waliokuwa zamu ile, kabla nao hawajahamishwa.