Voisi ya Sekunde 40

Jumapili Kajaga, mbogi nzima ya Buja tumetulia mchangani. Tanganyika inapiga mawimbi, mukeke kwa jiko unadondosha mafuta, ngoma inadunda polepole. Simu ya beste ikalia: voisi. Jamaa anabonga sekunde 40, anawaita watu wa ng'ambo ya mpaka nyoka, sauti ya uchekeshaji. Wasee wakacheka. Mimi pia nilicheka. Beste akaisukuma kwa makundi mengine mawili, chap.

Nikamwambia, "Bro, hii si fiti."

"Acha noma. Mdomo wangu, uhuru wangu."

Na huo uhuru naulilia. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi hapa Burundi, redio za RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa zikazimwa. Buja ikabaki inaokota fununu, kila kartie na yake. Kwa hiyo nikikwambia chunga ulimi, siiti polisi aje kuufunga.

Ila maneno yana miguu, wasee. Kwa jirani Rwanda, redio ya RTLM iliingia hewani 1993 na mambo ya vijana: miziki ya Kongo, utani, stori za kijiweni. Ndani ya utani huo Watutsi wakawa "inyenzi", mende. Kufika 1994, redio ile ile inataja watu kwa majina na pale walipojificha. Watu walishazoea kucheka. Mtu ukishamzoea kama mende, mkono hautetemeki ukimponda.

Halafu cheki tulipokaa. Ukifuata barabara hii ya kwenda Kongo unaingia Gatumba. Usiku wa 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, waliuliwa kambini pale. Watoto walikuwemo.

Kuna kitu cha hapa hapa Buja nakikubali mbaya. Studio Ijambo, ya vipindi vya redio, 1995, vita imepamba moto: mwandishi Mhutu na mwandishi Mtutsi walitoka pamoja kwenda kusaka stori moja. Huyu akipindisha, mwenzake yuko hapo hapo anamkazia. Walisema yote, hata machungu, lakini mbele ya mtu anayeumia.

Mama wa ndagala akapita na beseni, Kiswahili chake cha Uvira kabisa, ng'ambo ya mpaka. "Wanangu, leo hamninunulii?"

Beste akageuza simu kifudifudi kwenye mchanga. Akanunua bakuli mbili. Mama alipoondoka akaiokota, akaifuta voisi kwa wote. Kundi la kwanza ikapotea. La pili, kuna msee alikuwa ameshaidaka na kuirusha kwingine.